Tulipomwita Nyoka Kamba

Ilianza Jumamosi, siku ya pili tangu skuli kufungwa, saa tatu na dakika ishirini asubuhi. Saa naikumbuka kwa sababu niliitazama kwenye simu kabla ya kupokea. Nilikuwa napepeta mchele barazani kwetu Jadida, na mie simu za watu wazima huziogopa, huziacha zikalia mpaka zikate. Ile niliipokea ilipolia mara ya pili.

"Raya? Mie Bi Salma wa Mgogoni. Mwambie bibi yako kuna kamba jikoni kwangu. Nyeusi. Mje upesi, mie n'shatoka nje na watoto."

"Ndiyo, Bi Salma," nikasema, nikakata.

Sikuuliza amemuona mmoja au zaidi. Hilo ndilo swali la mwanzo la kazi yetu, na mie nililimeza kwa haya.

Nawaandikia nyiye wadogo zangu mnaonisubiri nje ya chuo cha Kurani baada ya alasiri, mkinivuta baibui niwafundishe. Kusema mbele za watu siwezi, mnanijua, nikisimamishwa darasani hata jina langu hunikwama. Lakini daftari halinitazami usoni. Basi someni. Nina miaka kumi na saba na nimestaafu. Chekeni. Bibi naye alicheka nilipomwambia, na ndicho kicheko pekee nilichomsikia mwezi ule.

Kazi yetu ilikuwa kuwatoa nyoka majumbani wakiwa hai na kuwarudisha porini. Mie niliifanya miaka minne, siku zisizo za skuli. Bibi yangu, Bi Mize, aliifanya tangu mama yangu hajaolewa.

Mtauliza kwa nini mwanamke. Wanaume wa kuua nyoka kisiwani hapa hawakosekani, kila mmoja ana panga lake na hadithi yake. Lakini nyoka akiingia ua wa ndani, au chooni, au chumbani kwa mzazi aliye bado ndani ya arubaini, mwanamme hapigi hodi huko. Hapo ndipo alipoitwa Bi Mize. Akaja na ndoo ya rangi yenye kifuniko kilichotobolewa vitundu kwa msumari, fimbo ndefu ya chuma iliyopindwa ncha kama kulabu, viatu vya mvua, na miwani ya plastiki ya mafundi, ile ya kuzuia vumbi. Juu ya baibui. Watoto wa mtaani walikuwa wakimfuata nyuma.

"Bi Mize anakwenda kupiga mbizi!"

"Naam, na nikizama ntakuja na babako, yuko huko tangu jana anatafuta kazi!" Bibi alijibu bila kugeuka.

Akifika mlangoni alisimama. Alitoa salamu, akasema, "Kama si wa kabila letu, toka mwenyewe kwa heshima zako. Kama ni wa udongo huu huu, ntakutoa mie." Kisha akasoma Kulhuwallahu mara tatu, polepole, hata kama mwenye nyumba analia. Nilidhani yale yote ni ya kumwogopa jini. Nilipokua kidogo nikaona kwamba katika muda ule macho yalikuwa yanazoea kiza cha ndani, watu walikuwa wananyamaza, na nyoka naye alikuwa anatulia na kuacha kutafuta pa kukimbilia. Nilimwambia Bibi nimegundua. Akasema, "Na jini je?"

Sasa lile neno. Nyote mnajua kuwa usiku nyoka hatajwi, huitwa kamba, asije akasikia jina lake akaitika. Bibi hakumtaja hata mchana. Maadamu tuko kazini, tangu kutoka nyumbani mpaka kurudi, alikuwa kamba tu. Na mimi nilizoea hivyo, wateja wakazoea hivyo, na likatuletea vichekesho vingi kabla halijatuletea kilio.

Kiuyu tuliwahi kupotea njia tukamuuliza mvuvi mmoja nyumba yenye kamba ni ipi. Akatutazama na ndoo yetu, akasema, "Kamba wamekwisha, bibi, labda kesho. Mnataka kilo ngapi?"

Siku hiyo hiyo, nyumba tuliyokuwa tunaitafuta tukaikuta, na mwenye nyumba, mwanamke mnene wa makamo, yuko juu ya meza tangu alfajiri. Kamba yuko chooni, alituambia, amejiviringisha, hata hapumui. Bibi akavaa miwani, akaingia, mie nyuma yake nimebeba ndoo. Kilichojiviringisha kilikuwa kamba. Kamba kweli, ya mbuzi, ya usumba, imelowa. Nilibana mdomo kwa mtandio. Bibi hakucheka. Akaisoma dua yote, akaiinua ile kamba kwa kulabu taratibu kama kitu chenye roho, akaitia ndooni, akafunika, akatoka nayo. Mwanamke akashuka mezani, akatupa chai na mkate wa ajemi.

Njiani nikamuuliza kwa nini hakumwambia. "Ntu akishakaa mezani tangu alfajiri," akasema, "ukimwambia ilikuwa kamba ya mbuzi, hatashuka tena maisha yake."

Kamba ile hatukuitupa. Ilikuwa nzuri, na kifuniko cha ndoo yetu kilikuwa kimeanza kulegea. Tangu siku ile tulifungia ndoo kwayo, tukiipitisha msalaba juu ya kifuniko. Kumbukeni hilo.

Makosa yangu ni mengi, lakini moja lilinifundisha kwa moto. Mwaka wangu wa pili, hapa hapa Jadida, tulimkuta swila kwenye banda la kuku. Swila ni yule anayenyanyua kichwa akatanua shingo, naye hahitaji kukufikia ili akuumize, hutema sumu. Miwani yangu ilikuwa imeingia ukungu, nikaipandisha kwenye paji la uso ili nimuone vizuri. Nilimuona vizuri. Naye aliniona.

Ni kama pilipili iliyotiwa chokaa. Mwenye nyumba akaja mbio na tui la nazi, mwengine anapiga kelele niachiwe nipigwe upepo. Bibi akawasukuma wote. "Maji! Maji tu, hata ya kisima!" Akanimwagia usoni huku akinishikilia kope wazi, mpaka maji yakanishuka kwenye viatu. Kisha hospitali. Macho yalipona, Alhamdulillahi.

Daktari aliyenitazama alikuwa na subira. Alituambia mie na Bibi, sote wawili tumekaa benchi moja, kwamba macho ni maji mengi na kuja hospitali, na kwamba mtu akiumwa na nyoka asichanjwe, asinyonywe, asifungwe kamba wala kitambaa cha kubana. Avuliwe pete na bangili kabla hajavimba, kiungo kisitikiswe, aletwe haraka. Akalirudia la kufunga mara mbili. "Hasa huyu swila," alisema, "sumu yake huozesha nyama. Ukiifunga pahali pamoja, unaipa kazi pahali hapo."

Niliyaandika yote kwenye daftari hili hili kwa wino mwekundu. Bibi maandishi ya skuli hasomi. Akanigusa kichwa akasema, "Yaweke weye. Weye ndiye daftari langu."

Basi Jumamosi ile tukafika Mgogoni kama saa nne. Bi Salma yuko uani na watoto wake watatu, amewapanga ukutani kama vikombe. Mumewe, Ami Faki, mtu mkubwa anayeheshimika kijijini, msimamizi wa msikiti, alikuwa shambani, ameshatumiwa mtu.

Jiko lilikuwa banda la makuti, na ndani yake, ukutani, rundo la makumbi ya nazi ya kupikia lililofika kifuani kwangu. Nawaombeni, wadogo zangu, mkiwa na majiko yenu msirundike makumbi ndani. Rundo la makumbi ni nyumba ya panya, na nyumba ya panya ni karamu ya nyoka. Yawekeni nje, mbali, juu ya vijiti, na mkichukua mvute kwa reki, msitie mkono.

Bibi akasimama mlangoni, akasoma zake. Swila wa kwanza alikuwa wazi kabisa, nyuma ya chungu cha maji, mkubwa, ametulia. Bibi alimuinua kwa kulabu katikati ya mwili. Mie nikailaza ndoo, akamuelekeza kizani mwa ndoo, na nyoka huwa anapenda kiza, akaingia mwenyewe. Nikaisimamisha, nikafunika, nikakaa juu ya kifuniko. Hii ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote katika kazi ile, kukaa juu ya kifuniko na kusikia kimya.

Kamba ya kufungia ilikuwa chini, hatua moja kutoka mguu wangu, pale nilipoitupa, ubavuni mwa rundo la makumbi.

Bibi alikuwa ameshaweka fimbo yake ukutani. Anavua miwani. Kisha akasema, si kwa kelele, kwa sauti ndogo ya haraka:

"Raya. Kamba."

Mngefanya nini? Ndoo imejaa, haijafungwa, na bibi yako anasema kamba. Nikainama kuiokota.

Sikumuona. Niliona mkono wa Bibi tu ukipita mbele ya uso wangu, ukinisukuma kifuani, nikaanguka na kamba yangu mkononi. Wa pili alikuwa ndani ya makumbi, karibu na pale nilipokuwa napeleka vidole vyangu. Alimuuma Bibi kwenye mkono wa kulia, baina ya kidole gumba na cha shahada, akarudi ndani ya rundo kama maji yanayoingia mchangani.

Bibi hakupiga kelele. Alisema, "Lahaula." Kisha akasema, "Kaa juu ya ndoo, itafunguka." Nikakaa juu ya ndoo, bibi yangu ameumwa, nami nimekaa juu ya ndoo.

Baadaye sana, vidole vikiwa vimeshakatwa, aliniambia, "Si weye, Raya. Neno langu mwenyewe ndilo lililoniuma." Ananipenda. Lakini tulikuwa na ada yetu, kwamba akisema kamba wakati wa kazi, la kwanza ni kuganda kama jiwe. Nilijua. Ni kwamba asubuhi ile kulikuwa na kamba mbili ndani ya jiko moja, na mie nilichagua ile niliyokuwa naiona.

Sasa nakuja pale ambapo Bibi hawezi kunisafishia.

Ami Faki aliingia mbio, jembe bado liko begani. Akamuona Bibi ameshatolewa jikoni, amekaa chini, ameegemea ukuta wa uani, mkono mapajani. Akawa mtu wa vitendo.

"Leteni kamba! Funga huu nkono upesi, sumu isipande moyoni!"

Akatazama huku na huku. Akaniona mlangoni mwa jiko. Kamba ilikuwa bado mkononi mwangu.

"Lete hiyo, mwanangu."

Maneno yalikuwepo. Yale mekundu, yote, hata mwandiko wangu niliuona. Usifunge, Ami. Daktari kasema. Maneno manne, matano. Bibi alinyanyua macho akanitazama, ulimi ulikuwa umeshaanza kukauka kwa maumivu. Alikuwa anamngoja daftari wake aseme. Na pale walikuwepo majirani wameshajaa, wanaume kwa wanawake, na yule ni Ami Faki, na mie ni Raya.

Nikampa kamba. Mara ya pili asubuhi ile nilimeza neno kwa haya.

Aliifunga juu ya kiwiko, mizunguko minne, akaikaza kwa kijiti. Gari ya kukodi ilichelewa kuja, na njia ya kwenda Wete mnaijua. Mkono uliwiva kama bilingani. Bangili ya fedha aliyoolewa nayo ilizama ndani ya nyama, nayo pia sikuikumbuka kwa wakati.

Hospitali, daktari mwengine, mwanamke, akaikata kamba kwa mkasi. "Nani kafunga?"

"Mie," alisema Ami Faki. "Ndivyo tulivyokuta wazee wetu wakifanya."

"Hakuna hata mmoja aliyejua?"

Nilitazama sakafu. Sakafu ilikuwa ya vigae vyeupe, kimoja kimepasuka. Naweza kuwachorea ufa ule hata sasa.

Daktari alisema baadaye kuwa labda mkono ungeharibika hata bila ya kufungwa, kwa vile swila ni swila. Labda. Neno hilo nalala nalo na naamka nalo. Vidole viwili vilikatwa, na kidole gumba kimesimama hakikunjiki. Bibi hawezi kushika fimbo, hawezi kukuna nazi, hawezi kufunga kanga yake. Namfungia mie kila siku. Watu wakimuuliza anawaambia uzee, alizembea. Kuhusu kamba ya mkononi hajawahi kuniuliza, na kutoniuliza kwake ni kuzito kuliko kuulizwa.

Lakini hayo yalikuja wiki za baadaye. Jumamosi ile, baada ya alasiri, Bibi alifungua macho kitandani, mkono umetundikwa. Nikadhani atataka maji.

"Ndoo iko wapi?"

"Mgogoni, Bibi. Jikoni kwa Bi Salma."

"Imefungwa?"

Nikawaza. Kamba ilikuwa kwenye mfuko wangu wa baibui, vipande viwili, daktari alinipa nikatupe nikasahau. "Nimeweka jiwe juu," nikasema. Hilo nililifanya, angalau.

"Watamchoma moto huko ndani." Akafumba macho. "Tulimwambia tunamtoa. Hakutuuma yule. Aliingia mwenyewe." Kisha kwa sauti ya kuishia, "Asife ndani ya ndoo, Raya."

Asubuhi yake, Jumapili, mama alipofika kunipokea zamu hospitali, nilipanda gari ya kwanza ya kwenda Mgogoni. Peke yangu. Sikuwahi kufika nyumba ya kazi peke yangu, sikujua hata hodi ya peke yangu inavyosikika.

Niliwakuta wanaume wanne uani. Ndoo imetolewa nje, jiwe bado liko juu, na Ami Faki ameshika galoni la mafuta ya taa.

"Hodi," nikasema. Hakusikia mtu. "Hodi!"

Wakageuka.

"Karibu mwanangu. Rudi nyuma, tunamaliza shari hii."

"Usimwage, Ami."

Ilitoka ndogo. Mmoja akacheka, "Ntoto anakuamrisha, Faki!"

"Usimwage," nikasema tena. "Huyo siye aliyemuuma Bibi. Aliyemuuma yuko ndani ya makumbi, au ameshaondoka. Na mafuta yakishika moto jiko lote la makuti litakwenda, na nyumba nyuma yake."

Ami Faki akaliweka galoni chini. Akanijia karibu. Macho yake yalikuwa mekundu, hakulala. "Bibi yako vipi? Ile kamba ilimfaa?"

Wadogo zangu, ningeweza kusema ndiyo. Angelala usingizi mtu yule.

"Haikumfaa, Ami. Hafungwi mtu. Nilijua tangu mwaka juzi, nimeambiwa na daktari. Nilijua wakati nakupa. Sikusema."

Alikaa kwenye gogo la kupasulia kuni, akajifuta uso kwa kofia. Bi Salma akatoka na kikombe cha maji, hakujua ampe nani.

Kisha Ami Faki akachukua reki ya mpini mrefu, nami nikavaa miwani ya Bibi na viatu vyake vinavyonipwaya. Alivuta makumbi moja moja kutoka nje ya mlango, mie natazama, wengine wote wamewekwa mbali. Tulilimaliza rundo. Wa pili hakuwepo. Mpaka leo hajaonekana, na Bi Salma sasa anapikia barazani.

Niliunga vipande viwili vya kamba kwa fundo, nikafunga ndoo. Nikaibeba mwenyewe mpaka kwenye kichaka nyuma ya mikarafuu iliyokufa, pasipolimwa wala pasipochungwa, jua halijawa kali, kwa sababu nyoka wa ndooni jua kali humuua kabla ya panga. Mtoto wa kike wa mwisho wa Bi Salma alinifuata kwa mbali, wa miaka sita hivi, nikamwambia asimame pale pale alipo.

"Una nini humo?" akauliza. "Kamba?"

"Kamba ni hii," nikasema, nikamuonesha. "Humu mna nyoka."

Akaziba mdomo kwa mikono miwili, akatazama juu na chini kama aliyesikia tusi. Hakikuja kitu.

Nikafungua fundo. Nikailaza ndoo, mdomo ukielekea kichakani, nikakivuta kifuniko kwa ncha ya fimbo, nikarudi nyuma hatua kumi. Sikusoma mara tatu. Nilisoma mara moja tu. Kisha nikamwita kwa jina lake, kwa sauti ambayo yule mtoto aliisikia na mie mwenyewe niliisikia.

"Nyoka. Toka."

Akatoka.